Hewa ya Wizi katika Gari la Sixten

Jumamosi, 20 Aprili

Daftari hili nililitoa kwenye duka la dawa nilipostaafu. Lilikuwa la kuandikia dawa tulizochanganya kwa mkono, na likabaki tupu. Leo naanza kulitumia kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika nisipoandika huishia kusema.

Holger, mdogo wake marehemu mume wangu Sixten, alikuja kunywa kahawa ya Pasaka. Kikombe cha pili kilipoisha akasema, "Shemeji, lile gari litakuozea bandani. Juni, mkesha wa sikukuu ya Midsommar, nakuja na trela, nalichukua."

"Nani kakwambia nauza?"

"Nani kakwambia nanunua? Ni gari la kaka yangu. Wewe utalifanyia nini? Hata Malin anakubali."

Malin, binti yangu, alikuwa anaosha vikombe na akazidi kuviosha.

"Na Sixten mwenyewe alisema," Holger akaongeza, "bila yeye haliwaki."

Ni kweli alisema. Alisema Februari, hospitalini, akicheka kwa pumzi ndogo aliyobakiwa nayo. "Bila mimi haliwaki, Gunvor." Miaka arobaini na moja ya ndoa, na tangu gari hilo liingie kwetu sikuwahi kukaa kwenye usukani wake. Sasa nataka kujua kama maneno yake yalikuwa ya kweli, na siwezi kulijua hilo, gari likiwa kwa Holger.

Nikamwambia: "Mkesha wa Midsommar, likiwaka mbele yako likatulia, trela lako linarudi tupu."

"Na lisipowaka?"

"Nitakusaidia kulisukuma."

Jumatatu, 22 Aprili

Baridi digrii moja. Nilikwenda bandani, nikachomoa waya, nikapiga stata. Likawaka mara moja! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwa hiyo Sixten alikuwa anajigamba tu.

Jumanne, 23 Aprili

Nilicheka mapema. Kuwaka linawaka, kutulia halitulii. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta injini inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. Likipata moto vizuri linazimika kabisa. Nililizima na kuliwasha mara sita, na zote sita likafanya vilevile. Si la kubahatisha, basi. Ugonjwa unaojirudia ndio unaotibika.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimesoma kitabu cha mafundi cha Sixten kuanzia kahawa ya asubuhi hadi ya alasiri. Gari ni la mwaka 1978, rangi ya haradali, na halina kabureta. Hewa inaingia kupitia mlango mmoja wenye kibao kinachosukumwa na upepo. Kibao kinaiambia kompyuta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi: hewa imeingia kiasi hiki. Kompyuta inaziamuru nozeli zinyunyize petroli kiasi hicho. Miaka thelathini na minane nimepima dawa kwa mizani, na sikujua kwamba bandani kwangu kuna mfamasia mwenzangu.

Jumapili, 28 Aprili

Theluji tena. Nikachomoa waya, likawaka, likapanda na kushuka. Nimefungua plagi zote nne nikazisugua. Hakuna kilichobadilika ila mikono yangu.

Jumatano, 1 Mei

Holger alipita kunisalimia, yaani kunichungulia. Akainama chini ya boneti, mikono nyuma kama kasisi. "Kompyuta imekufa hiyo, shemeji. Zile hazitengenezwi tena."

"Umeipima?"

"Naisikia."

Alisikiliza kompyuta kwa masikio. Nikampa andazi la iliki aende zake.

Jumanne, 7 Mei

Nimebadilisha chujio la petroli. Nimechomoa waya, limewaka, limepanda na kushuka. Aulis, jirani, alikuwa anapanda viazi upande wake wa ua na hakuinua kichwa. Yeye na Sixten hawakusemeshana miaka ishirini na moja. Sababu sikuijua hasa. Sixten alisema tu kwamba yule Mfini ana mdomo, na mimi nikauchukua ugomvi kama mke anavyochukua jina la mume.

Jumatatu, 13 Mei

Malin amekuja, amesafisha gari ndani kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kafyonza hata sindano za msonobari za safari ambazo sizikumbuki. "Mama, unapenda kweli hili gari, au unapenda kumshinda ami?" Nikamwambia vyote viwili vinaenea moyoni.

Jumanne, 14 Mei

Limegoma. Digrii mbili tu, si baridi ya kutisha, na stata inazunguka vizuri. Halikohoi hata kidogo. Nimejaribu mpaka betri ikachoka.

Jumatano, 15 Mei

Limegoma.

Alhamisi, 16 Mei

Limegoma. Holger kasema kwenye simu, "Si nilikwambia?" na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimejifunza kitu kuhusu gari, na kimoja kuhusu mimi.

Nilikaa na daftari hili nikajiuliza swali nililowauliza wagonjwa kila siku: nini kimebadilika? Nikasoma kurasa zangu tangu Pasaka. Nikachomoa waya. Nikachomoa waya. Nimechomoa waya. Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuliona hata mara moja.

Waya wa hita ya injini! Huku kwetu kaskazini kila gari lina mkia wake wa umeme mbele, na kila ukuta una soketi yake. Tunachomeka gari jioni kama tunavyofunga mlango, na hakuna anayesema "jana nilifunga mlango." Sixten aliweka saa ya umeme ukutani, iwashe hita saa kumi alfajiri. Amezikwa, na saa yake imeendelea kumtumikia tangu Februari. Malin alichomoa waya ukutani Jumatatu ili achomeke mashine ya vumbi, na hakuurudisha.

Kwa hiyo asubuhi zote nilizoandika "baridi," injini ilikuwa ya uvuguvugu kama mtoto aliyetoka kitandani. Sijawahi kuliwasha gari hili likiwa na baridi. Holger naye hakuuona waya, na aliuruka kwa mguu wake. Wagonjwa wangu walikuwa hivyohivyo. Walinitajia dawa zote isipokuwa ile wanayokunywa kila siku, kwa sababu kwao hiyo ilishakuwa chakula.

Swali la leo: kwa nini Sixten alilichomeka hata mwezi wa Mei? Hata Juni! Sasa nakumbuka, alilichomeka Juni.

Jumapili, 19 Mei

Nimeuning'iniza waya kwenye msumari. Sitautumia tena mpaka nijue.

Alhamisi, 23 Mei

Kitabu kinasema kuna nozeli ya tano. Haina kazi ila injini ikiwa baridi, sekunde chache tu, stata inapozunguka, inamwaga petroli ya ziada ili moto ushike. Nimeitafuta kwa tochi. Ipo. Lakini waya zake mbili zimechomolewa, zikakunjwa nyuma na kufungwa kwa utepe mweusi, mizunguko miwili na ncha kukunjwa chini ili mtu apate pa kushika siku ya kufungua. Ni Sixten tu aliyefunga hivyo. Hata zawadi za Krismasi alizifunga hivyo.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda. Hili halikuharibika. Aliliharibu yeye, kwa makusudi, na kwa uangalifu wake wote.

Ijumaa, 24 Mei

Nimerudisha waya za nozeli ya tano nikapiga stata. Mlipuko mmoja, moshi mweusi, kisha kimya. Plagi zimelowa petroli chapachapa. Kutoka ng'ambo ya ua nikasikia sauti:

"Limelewa hilo."

Ilikuwa ya Aulis. Nikageuka. "Unasema na mimi?"

"Nasema na gari." Akarudi kwenye viazi vyake.

Ijumaa, 31 Mei

Wiki nzima likiwa na waya za nozeli limelewa, nikizichomoa limekauka. Wiki tatu zimebaki. Malin kanipigia: "Mama, hakuna aibu kukubali." Aibu siioni. Ninachokiona ni mtu aliyeficha kitu, na alikificha kutoka kwangu, niliyelala ubavuni mwake.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kitu cha tatu, baada ya waya na nozeli.

Kompyuta huamua petroli kwa kupima pia joto la maji ya injini. Kitabu kinatoa hesabu ya kipima joto hicho kwa kila digrii, na hesabu ni mambo yangu. Nilikipima chenyewe kwa mita ya umeme ya Sixten: sawasawa kabisa na kitabu. Nikapima mwisho wa waya, kule kwenye kompyuta: imezidi kwa omu mia tatu. Kati ya hapa na pale kuna kitu.

Nilifuata waya kwa vidole chini ya dashibodi, nimelala chali, miguu nje. Kilikuwepo. Rezista moja ndogo, kile kipande cha kuzuia umeme, yenye mistari ya rangi, imelehemewa katikati ya waya. Utepe mweusi, mizunguko miwili, ncha imekunjwa chini.

Aliidanganya kompyuta. Aliifanya iamini kwamba maji ni ya baridi kuliko yalivyo, ili imwage petroli zaidi, daima. Halafu petroli ikazidi asubuhi, ndipo akaichomoa nozeli ya tano. Halafu bila nozeli ya tano halikuwaka kwenye baridi, ndipo akachomeka waya, Januari hadi Desemba. Nimeyaona haya kwa wazee mara mia. Dawa ya pili ya kutuliza madhara ya ya kwanza, ya tatu ya kutuliza ya pili, na ugonjwa wenyewe hakuna anayeukumbuka tena.

Na sasa nimeelewa jingine, na hili limeniuma. Dada yangu Siv ana kibanda juu ya ziwa, milimani, pasipo na umeme. Kila kiangazi nilimwomba Sixten twende tukalale huko. "Mbu," alisema. Miaka ishirini, mbu! Tulilala kwenye viwanja vya kambi vyenye soketi, kati ya watu na redio zao, na nilidhani hampendi Siv. Alikuwa anaogopa asubuhi ya kwanza pasipo na pa kuchomeka. Ndiyo maana pia hakunipa usukani. Ningeegesha dukani, lingegoma, ningeuliza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa akisimama katikati ya ngazi na kuitazama picha ya mama yake. Nikamuuliza unaangalia nini, akasema fremu imepinda. Kumbe ulikuwa moyo.

Jumanne, 4 Juni

Nimemkasirikia mpaka nimeshindwa kula. Kisha nimekula.

Alhamisi, 6 Juni

Sikukuu ya taifa, bendera kila mlingoti. Nimeitoa rezista. Sasa gari haliwaki ila nikikanyaga pedali, na nikiachia linakufa. Ni vibaya kuliko siku zote, na nimefurahi, kwa sababu sasa ni ugonjwa wenyewe, bila dawa juu yake. Kitu fulani kinafanya petroli ipungue. Ni kipi, sijui. Kitabu kimeniishia.

Nikampigia simu Aulis. Huku mtu haendi tu mlangoni kwa mtu. Nilimwona kupitia dirisha lake akiitazama simu ikilia, kisha akinitazama mimi ninayempigia, hatua thelathini.

"Naam," akasema.

"Mimi Gunvor, jirani."

"Nakuona."

"Una nafasi ya kusikiliza gari?"

Nikamwona akichukua kofia. "Kahawa ipo?"

Alivuka ua akiwa na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani shingoni. Miaka thelathini alikuwa fundi wa gereji ya mabasi. Akanywa kahawa kwanza, akala maandazi mawili, akafuta vidole. Nikakanyaga pedali ili injini isife. Yeye akaweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine akaipitisha juu ya injini polepole, kama daktari kifuani. Alipofika chini kabisa, upande usioonekana, akasimama.

"Njoo usikie."

Tukabadilishana, naye akakanyaga pedali. Ilikuwa sauti ndogo kali, fssss.

"Hewa ya wizi," akasema. "Hii haikupita mlangoni, kile kibao hakijaihesabu. Kompyuta haijui kama imeingia, haitoi petroli yake. Lete ile chupa yako ya kunyunyizia maua."

Akanyunyiza maji pale chini. Injini ikatulia kwa pumzi mbili, halafu ikaanza tena. Maji yaliziba ufa, yakanyonywa. Nilipiga kelele ya furaha na kuku wake wakajibu.

Ni mpira mdogo mweusi wa kupitisha hewa, mrefu kama kidole changu, umepasuka upande wa chini. Kwa juu ni mzima kabisa. Ungeweza kuutazama kila siku ukaapa kwamba hauna kitu.

"Uliujua?" nikamuuliza.

Alikunja mpira wake wa bustani. "Nilikuwa naleta viazi. Wanachama wa klabu yake ya magari wote wamesimama hapa, magari yanang'aa. Nikamwambia, Sixten, gari lako linaiba hewa kwa chini. Mbele yao. Kosa langu ni hilo, mbele yao."

"Akasemaje?"

"'Dereva wa basi atanifundisha mimi?' Watu wakacheka." Akavaa kofia. "Na sikuwa dereva. Ingawa hata dereva angesikia."

Basi ndiyo hiyo. Ili Aulis asionekane amesema kweli, mume wangu alilidanganya gari lake miaka ishirini na moja, kiraka juu ya kiraka, na akanidanganya na mimi. Nadhani alitazama mpira ule kwa juu akaona mzima, akafurahi, akaacha kutazama. Na nadhani baadaye alijua, na ilikuwa imechelewa kuvuka ua.

Jumanne, 11 Juni

Nimeagiza mpira mpya. Aulis kapita tena, safari hii bila simu. Sote wawili tulijifanya hatukuligundua.

Jumamosi, 15 Juni

Mpira umefika kwenye bahasha. Nimeufunga mimi mwenyewe, Aulis akishika tochi na kufunga mdomo, jambo ambalo anasema ni gumu kuliko kufunga mpira. Waya za nozeli ya tano nimezirudisha, na rezista iko kwenye kopo la vifungo. Lakini leo ni joto digrii kumi na tisa. Joto halithibitishi kitu.

Jumatano, 19 Juni

Limetulia kila siku. Bado joto. Naomba baridi, mimi niliyelalamikia baridi maisha yangu yote.

Ijumaa, 21 Juni, mkesha wa Midsommar

Mungu wa kaskazini hana hiyana: digrii sita na manyunyu, kama kila mkesha wa Midsommar. Holger alifika saa tatu asubuhi na trela lake. Malin alibeba mkate wa tangawizi. Aulis alisimama upande wake wa ua, palepale mpakani, kama anachunguza nyasi.

Holger akaingia bandani, akatazama mbele ya gari, akatazama ukuta. "Hujalichomeka?"

"Waya uko pale juu ya msumari. Uguse injini."

Akaigusa. "Ya barafu. Shemeji, jihurumie. Hata Sixten hakuthubutu bila waya."

"Najua," nikasema. "Sasa najua kwa nini."

Nilikaa. Nikashika usukani, nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka mara moja, mbili, tatu, na nikamwona Holger akivuta pumzi ya kusema neno. Likawaka. Nikaondoa mguu. Liliguna juu kidogo, likashuka taratibu kadiri maji yalivyopata moto, likatulia. Halikupanda na kushuka. Tulisimama hapo kwa dakika kumi nzima, watu watatu na mmoja uani, tukilisikiliza.

Holger akavua kofia. "Kaka hakuwahi kulisikia hivi," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira yangu juu yake ikaisha hapohapo. Hakutaka gari. Alitaka kaka yake.

"Una nini kwenye gari lako, sill, wale samaki wa siki?" nikamwambia. "Lete, tule. Na umwite yule bwana pale uani, kwa jina lake."

Holger akasita. Kisha akapaza sauti kwenye manyunyu: "Aulis! Unakaribishwa mezani!"

"Nani anakaribisha?" Aulis akauliza, hakusogea.

"Akina sisi. Ukoo wa Sixten."

Alivuka.

Jumanne, 9 Julai

Naandika kwenye ngazi ya kibanda cha Siv. Hakuna umeme, hakuna soketi, maji tunachota ziwani. Mbu wapo, na ni wengi kama alivyosema. Hapo hakudanganya.

Alfajiri ilikuwa digrii tatu na majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Siv akatoka na blanketi mabegani. "Litawaka hilo, au nianze kupiga makasia kwenda kijijini?"

Nikageuza ufunguo. Likawaka. Nikaliacha lingurume peke yake mpaka birika la kahawa lilipochemka, mngurumo mmoja uliotulia juu ya maji yaliyotulia, na nikalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Mbona unalia nalo limewaka?" Siv akauliza.

Sikumjibu yeye. Limewaka, Sixten. Lilikuwa mpira tu, mrefu kama kidole. Ungeniambia.